Gari la zamani na geji isiyosema kweli: tupeane uzoefu wa ulaji wa mafuta na umbali wa tenki

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu.

Ninaendesha sedani ya mwaka 1998, injini ya petroli ya cc 1500, gia otomatiki. Majuzi limenizimikia njiani, na mshale wa geji ulikuwa haujagusa hata mstari mwekundu. Nililaumu koili, nikalaumu betri, nikalaumu pampu. Fundi aliyekuja hakufungua boneti. Alilitikisa gari kwa nyuma, akatega sikio kwenye tenki, akacheka. Kumbe nilikuwa mkavu kabisa. Balbu ya taa ya mafuta nayo ilishaungua, pengine tangu kwa mwenye gari wa kwanza.

Nilipojaza, ziliingia lita 48 kwenye tenki ambalo kitabu kinasema ni la lita 50. Tangu hapo nimeanza kupima mwenyewe: najaza mpaka pampu ikate, narudisha tripu (kihesabu kilomita cha safari kwenye dashibodi) sifuri, natembea kama kawaida, kisha najaza tena mpaka ikate, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Kilomita nagawanya kwa lita zilizoingia. Mara ya kwanza kilomita 430, lita 41. Yaani 10.5 kwa lita, mjini na barabara kuu pamoja.

Kilichonishangaza zaidi ni mshale. Kutoka juu hadi nusu nilitembea kilomita 270, halafu kutoka nusu hadi robo 90 tu! Fundi kanieleza kwamba ndani ya tenki kuna boya kwenye mkono mdogo, na ule mkono ndio unaotuma habari kwenye geji. Tenki halijanyooka kama ndoo, limepindapinda kukwepa eksoza na ekseli, kwa hiyo boya kushuka sentimita mbili juu si sawa na kushuka sentimita mbili chini. Ongeza na miaka: mkono umepinda kidogo, waya wa ndani umelika.

Karibuni. Gari gani, injini gani, unapata kilomita ngapi kwa lita, na tenki moja linakufikisha wapi? Mnaopima kwa kutazama mshale tafadhali someni tu kwanza.

Gia Nne

Mkuu, mimi nina wagoni ya 1800, ya mwaka 2001. Lilikuwa linanipa 11 kwa lita, likashuka polepole mpaka 8. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la hewa, nikasafisha nozeli (vile vinavyopulizia mafuta kwenye injini), kila fundi akija na lake. Bado 8.

Aliyeligundua tatizo hakugusa mafuta kabisa. Aliniuliza, "Mshale wa joto huwa unafika katikati?" Nikamwambia haufiki, na mimi nilikuwa nafurahia kwamba gari langu halichemki. Akafungua pale inapokaa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, hakuna kitu. Kuna fundi wa zamani aliitoa ili gari lisichemke, akafunika, akachukua hela yake.

Maana yake maji yalikuwa yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati joto lake. Kompyuta ya gari ikisoma ubaridi inadhani ndiyo kwanza umewasha asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada safari nzima. Tuliweka thamostati mpya, mshale ukapanda katikati ukatulia, na tenki la tatu nikapata 10.8. Kama umenunua gari la mkono wa tatu, anzia hapo kabla hujanunua plagi.

Kabureta Mkongwe

Nyie wenye kompyuta mna bahati, yenu inakosea kwa adabu. Langu la kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta, lilikuwa linakula kwa sababu waya wa choki (kidude kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi) umekwama nusu. Nasukuma kitufe ndani, huku juu kidude bado kimefunga hewa. Moshi mweusi, plagi nyeusi kama masizi ya jikoni, na harufu ya petroli mpaka kwenye nguo. Kulainisha waya kulichukua dakika kumi. Miezi mitatu nilikuwa nimeteseka bure.

Kuhusu geji: Volkswagen Beetle za kabla ya miaka ya 1960 hazikuwa na geji kabisa. Gari likianza kukohoa, dereva anageuza kwa mguu kiwiko cha bomba la mafuta, anafungua akiba ndogo iliyobaki tenkini, anatafuta kituo. Nadhani waliheshimu mafuta kuliko sisi. Shida ni kwamba ukisahau kukirudisha kiwiko mahali pake baada ya kujaza, safari inayofuata huna akiba.

Tairi Pana

Kabla hujasema gari linakula, angalia tairi. Gari langu lilitoka kiwandani na tairi za saizi 185/65 rimu 14. Aliyeniuzia aliweka 195/70 rimu 14, ili linyanyuke kidogo. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia 5 na ushee, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara chache na dashibodi inahesabu pungufu. Ikisema 400, nimetembea kama 420. Nilikuwa nalionea gari kwa miezi.

Spidi nayo inakosea vivyo hivyo, kwa hiyo muwe makini.

Bi Dizeli

Langu ni pikapu la dizeli la 2500, gia za mkono. Nina daftari, naandika kila nikijaza. Kwenye barabara kuu nikishika 90 napata 13 kwa lita. Nikishika 120 kwa njia ileile, mzigo uleule, napata 10 na kidogo. Hakuna uchawi. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 90 hadi 120 hewa inakusukuma nyuma karibu mara 1.8, na pikapu lina umbo la kabati.

Nilipoondoa keria ya juu niliyokuwa naiacha mwaka mzima kwa uvivu, nilipata karibu nusu kilomita zaidi kwa lita. Na daftari limenisaidia jambo jingine: siku namba inaposhuka ghafla, najua kuna kitu kimeharibika kabla sijasikia mlio wowote. Mara moja ilikuwa breki ya nyuma imeng'ang'ania. Baada ya safari nilisogeza kiganja karibu na rimu zote, moja ilikuwa inatoa joto kama pasi. (Sogeza tu, usishike.)

Mgeni Jamvini

Wadau, naomba kuuliza. Mimi kwenye mteremko naweka neutro ili kuokoa mafuta, mara nyingine nazima kabisa. Ni sawa?

Gia Nne

Hapana kaka. Kama gari lako ni la nozeli, ukiachia mguu kwenye mteremko likiwa ndani ya gia, kompyuta inakata mafuta kabisa na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka neutro, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo hapo ndipo inakula. Kuzima ndiyo usithubutu. Stelingi inakuwa nzito, na breki inakubakishia msaada wa mikanyago michache tu.

Kabureta Mkongwe

Kwa kabureta hesabu ni tofauti, petroli inaendelea kunyonywa hata ukiachia mguu, isipokuwa zile zenye kizuizi cha umeme. Lakini kwenye kuzima nakubaliana naye mia kwa mia. Nimewahi, nilikuwa kijana, sirudii.

Akiba Daima

Nilikuwa bingwa wa kutembea na taa ya njano. Naweka kidogo, natembea mpaka iwake, naweka kidogo tena. Miaka miwili hivyo. Siku moja pampu ikaanza kulia kama nyuki chini ya kiti cha nyuma, wiki iliyofuata ikafa. Kwenye magari mengi ya nozeli pampu ya umeme inakaa ndani ya tenki, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Mimi nilikuwa naichemsha kila siku. Siku hizi sishuki chini ya robo.

Kipeperushi

Mimi swali langu ni la karatasi. Gari langu limetoka Japani, maelezo yake yanasema 17 kwa lita. Mimi sijawahi kupita 12. Nimeibiwa?

Bi Dizeli

Hujaibiwa. Angalia kama imeandikwa 10-15. Hicho ni kipimo cha Wajapani cha miaka ya 1990 na 2000: gari linapimwa maabara injini ikiwa imeshapata joto, mwendo wa wastani haufiki 23 kwa saa, juu kabisa ni 70. Hakuna kilima, hakuna upepo, hakuna shemeji na mabegi yake. Ukipata theluthi mbili za namba ile, gari ni zima.

Na wenye vitabu vinavyosema maili kwa galoni, tazameni kitabu ni cha wapi. Galoni ya Uingereza ni lita 4.5, ya Marekani ni 3.8. Maili 30 kwa galoni ni 10.6 kwa lita kwa mmoja, na 12.8 kwa mwingine.

Mtoa mada

Nimesoma yote, asanteni. Mrejesho: jana niliangalia thamostati, ipo. Rimu zote zina joto sawa. Upepo wa tairi ndio ulikuwa aibu, mbili zilikuwa chini sana. Nimejaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema na tenki hili nimepata 11.1. Balbu nimebadilisha, mshale nimeuacha uendelee na uongo wake. Nikifika kilomita 400 kwenye tripu naingia kituoni.

Akiba Daima

Tripu yako umeihakiki lakini? Tairi ni za saizi ya kiwandani?

Mtoa mada

Ngoja nishuke nikaangalie.