Hita ya gesi inawaka na kuzima: tusafishe sensa wenyewe, tuite fundi, au tubadilishe mtambo wote?

MamaBaraka, Minneapolis
Habari zenu. Nyumba yetu inapashwa joto na hita ya gesi iliyoko chini ya nyumba, ile inayopuliza hewa ya moto kupitia matundu ya sakafuni. Tangu jana usiku feni ndogo inavuma, kiwashio kinakuwa chekundu, moto unawaka vizuri, halafu baada ya sekunde chache unazima. Inajaribu tena na tena, kisha inanyamaza muda mrefu. Ndani ni nyuzi 58 za Farenhaiti, yaani kama 14 za Selsiasi, na nina mtoto mchanga. Kampuni niliyoipigia simu imesema mtambo una miaka 16 hivyo ni wa kubadilisha, na hata kuutazama hawajautazama. Mume wangu anataka kusafisha sensa, yaani kile kifaa kinachotambua kama moto unawaka, mwenyewe. Ninyi mngeshika njia gani?

FundiSeif, St. Paul
Pole sana dada, hasa na mtoto. Kazi yangu ndiyo hii, na kwa dalili hizo ningeanza na sensa kabla ya kumpa mtu yeyote maelfu ya dola.

Angalieni moto unakaa muda gani kabla ya kuzima. Ukizima baada ya sekunde chache, mara nyingi ni sensa ya moto. Ukikaa dakika kadhaa ndipo uzime huku feni kubwa ikiendelea kupuliza, mtambo unapata joto kupita kiasi, na mara nyingi chanzo ni filta iliyoziba vumbi. Usipowaka kabisa, hapo tunazungumzia kiwashio, swichi ya presha, au yale mabomba meupe ya plastiki yanayotokea ukutani nje, ambayo theluji huyaziba.

Sensa yenyewe ni kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya mwali. Bodi ya umeme inayoongoza mtambo inapeleka umeme kwenye kijiti, na mwali unapitisha mkondo mdogo mno, mikroampia chache tu. Bodi ikiupata mkondo huo inajua gesi inaungua. Kijiti kikishikwa na utando, mkondo unafifia, bodi inaona kama hakuna moto, na inafunga gesi isije ikajaa ndani ya nyumba. Kwa hiyo huo mtambo unawalinda. Msijaribu kuuzunguka ulinzi huo kwa kuunganisha waya.

Mume wako azime themostati (kidhibiti joto cha ukutani), azime swichi ya umeme iliyo kando ya hita, na afunge gesi. Mpini wa vali ya gesi ukikaa kukingama na bomba, imefungwa. Kwenye mlango wa hita, kwa ndani, kuna mchoro unaoonyesha sensa ilipo. Kwa kawaida imeshikwa na skrubu moja na waya mmoja. Aichomoe taratibu kwa sababu sehemu nyeupe ni kauri na inavunjika, aisugue kwa sitiliwulu laini mpaka ing'ae, aipanguse kwa kitambaa kikavu, airudishe. Kiwashio kiko karibu hapo hapo: asikiguse kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yanakiharibu na chenyewe kinapasuka kirahisi.

Kamau254, Dallas
Fundi, mimi yangu huwa naisugua na msasa na inafanya kazi. Kuna shida gani?

FundiSeif, St. Paul
Itafanya kazi, kaka, lakini msasa mkali unaacha mikwaruzo na uchafu unashika humo upesi zaidi. Kama ni msasa tu ulio nao, tumia ule laini kabisa na usikandamize. Sensa mpya nayo ni ya bei ndogo, kwa mitambo mingi haifiki dola 50. Ikibidi kuisafisha kila mara, nunua nyingine inayolingana na namba ya modeli.

MzeeMkwawa, Columbus
Binti yangu, naheshimu maelezo ya fundi, ila mimi ningeita mtu. Miaka 16 si michache kwa hita ya gesi. Kusafisha sensa kutarudisha joto, lakini hakutakwambia kama chumba cha chuma kinachotenganisha moshi na hewa mnayovuta kimepata ufa. Ufa huo unaweza kuingiza kaboni monoksaidi ndani, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Aje fundi mwenye leseni na kipimo, alipwe ada ya ukaguzi, na akisema mtambo umekufa mwambie akuonyeshe ufa kwa macho yako. Kubadilisha mtambo wote kwa neno la simu, hapana.

Na usiku huu, tafadhali, oveni ya gesi isiwashwe ili kupasha nyumba, wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata dirisha likiwa wazi.

DadaZuhura, Leicester
Huku Uingereza mambo ni tofauti, nasema ili wa huku wasiige. Wengi tuna boila ya maji na rejeta za kupasha vyumba. Mwenyewe unaweza kuongeza presha ikishuka chini ya bar 1, kutoa hewa kwenye rejeta kwa ufunguo wake, au kumwagia maji ya uvuguvugu bomba la nje linalotoa maji ya boila likiganda. Lakini kazi ya gesi ndani ya boila ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Hapo hakuna kulinganisha bei.

NeemaK, Rochester MN
MamaBaraka, nyumba ni yenu au mmepanga? Kama mmepanga, msifungue hata skrubu moja. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mwandikieni leo, na mpige picha ya themostati.

Kwa usiku huu hita ndogo ya umeme inatosha kwa chumba kimoja. Yenye wati 1,500 inakula karibu ampia 13, kwa hiyo ichomekwe moja kwa moja ukutani, isiwe kwenye waya wa kuongezea, na ikae mbali na shuka na pazia.

MamaBaraka, Minneapolis
Nyumba ni yetu. Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Tumefuata hatua za FundiSeif: kijiti kilikuwa na utando mweupe, sasa kimesuguliwa, na moto umekaa bila kuzima mpaka ndani pamefika nyuzi 66 na unaendelea. Hata hivyo nimeita fundi mwingine aje Jumatatu kwa ukaguzi wa huo ufa. King'ora cha kaboni monoksaidi tunacho kimoja tu, kiko jikoni.

FundiSeif, St. Paul
Alhamdulillahi. King'ora ongezeni leo: sheria ya Minnesota inataka kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kikilia, tokeni wote nje kwanza ndipo mpige 911. Na fundi wa Jumatatu mwombeni apime mikroampia za sensa akiwa hapo. Zikiwa chini ingawa kijiti ni kisafi, aangalie waya wa ethi na kutu kwenye bana (sehemu gesi inapoungulia) kabla ya kugusa bodi.