Picha ya shangazi kutoka Dudley

Shangazi: Shikamoo mama. Hamjambo wote. Hiyo picha nimeipiga leo Priory Park, hapa Dudley, Uingereza. Huyo dada wa shaba mwenye raketi napita naye kila siku nikienda kazini.

Bibi: Marahaba mwanangu. Ni nani huyo?

Shangazi: Dorothy Round. Kazaliwa hapa hapa mwaka 1909. Bingwa wa Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya huku, mara mbili, 1934 na 1937. Sanamu waliiweka 2013. Mama, utampenda, alikuwa Mmethodisti, mwalimu wa shule ya Jumapili kama wewe. Na Jumapili hachezi.

Bibi: Hata fainali ikiangukia Jumapili?

Shangazi: Wimbledon enzi zile Jumapili ilikuwa mapumziko. Ila mashindano mengine yalichezwa siku hiyo, na msimamo wake ulikuwa uleule.

Upendo: Shangazi shikamoo. Kwa hiyo alikosa zawadi za pesa?

Shangazi: Marahaba mama. Pesa hazikuwepo. Hadi 1968 Wimbledon ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Unashinda, unapewa heshima, unarudi nyumbani.

Mjomba: Dada, mimi chaguo langu la enzi hizo ni Kitty McKane, Mwingereza mwenzake. Fainali ya Wimbledon 1924 kapoteza seti ya kwanza kwa Helen Wills wa Marekani, ya pili yuko nyuma 4-1. Akageuza! Akashinda 6-4, 6-4. Wills baadaye akabeba kombe hilo mara 8. Wimbledon mechi ya mmoja mmoja alifungwa hiyo moja tu maisha yake yote. Dorothy wako alikutana naye fainali ya 1933 akalala.

Shangazi: Alilala, ndiyo. Lakini seti ya pili alichukua 8-6, na Wills alikuwa hajapoteza seti Wimbledon tangu 1927. Hilo huwa mnaliruka.

Mjomba: Hapo umenipata kidogo 😅

Shangazi: Mwaka uliofuata akalichukua kombe lenyewe, kamfunga Helen Jacobs wa Marekani. Fred Perry naye akashinda upande wa wanaume. Uingereza kuchukua yote mawili mwaka mmoja, mara ya mwisho ilikuwa 1909, mwaka aliozaliwa Dorothy! Na tangu 1934 hawajarudia mpaka leo.

Upendo: Weee!

Shangazi: 1935 akavuka bahari hadi Australia, akabeba na la kule. Halafu yeye na Perry wakashinda Wimbledon ya wawili wawili, 1935 na 1936.

Mjomba: Na hiyo ya 1937?

Shangazi: Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Waandaaji walimpanga nafasi ya 7. Fainali anakutana na Jadwiga Jędrzejowska wa Poland. Seti moja moja. Ya tatu Dorothy yuko nyuma 4-1. Kaka, ni 4-1 ileile ya Kitty wako! Akashinda 7-5. Asubuhi zile za baridi, nimechoka, nikimwona pale naikumbuka hiyo 4-1, natembea.

Mjomba: Basi wote wawili, dada. Tusiwagombanishe.

Bibi: Aliolewa?

Shangazi: Mwaka huohuo wa 1937, na daktari.

Bibi: Nipigie picha nyingine, usogee karibu uso uonekane. Unitumie leo usiku. Kesho nina darasa la watoto.