Kebo mbili zinazuia moto, lakini mbona haziungui kwa namna moja?

Swali
Salaam wakuu. Nimechoma ncha za vipande viwili vya kebo kwa kiberiti cha gesi. Cha kwanza, chenye ganda la PVC, kilizimika mara tu nilipoondoa moto, lakini kilitoa moshi mweusi uliowasha pua na koo. Cha pili, kilichoandikwa LSZH (yaani moshi kidogo, bila halojeni kama klorini), kilishika moto kwa uvivu, moshi wake ukawa mwepesi, na kikaacha majivu meupe juu ya shaba. Kipi kinafaa kwa king'ora cha moto?

Jibu la 1
Takriban 57% ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo huukatiza mwali mmenyuko unaoulisha, na ndiyo maana kipande chako kilizimika. Gesi hiyohiyo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi. Vilainishi vinavyotiwa ili waya upindike hudhoofisha kinga hiyo, hivyo watengenezaji wengi huongeza antimoni trioksaidi, kemikali ya kuiimarisha tena.

Ganda la LSZH halina klorini. Limejazwa unga, aghalabu wa alumini haidroksaidi, ambao mara nyingi huzidi nusu ya uzito wake. Joto likifika karibu 200°C, unga huo hulifyonza na kuachia maji yanayokaribia 35% ya uzito wake, yakitoka kama mvuke. Kinachobaki ni alumini oksaidi, yaani hayo majivu uliyoyaona. Ila unga mwingi kiasi hicho hulifanya ganda liwe gumu na rahisi kuchanika, jambo ambalo fundi hulihisi anapovuta kebo ndani ya bomba.

Jibu la 2
Maelezo ni sahihi, ila la king'ora bado. Kutoeneza moto si kuhimili moto. Kipimo cha IEC 60332-1 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) huangalia kama mwali unapanda kwenye kebo moja iliyosimamishwa wima (kebo zilizofungwa pamoja zina kipimo chao, 60332-3), wala hakiulizi kama umeme bado unapita. King'ora kinahitaji kebo iliyofaulu IEC 60331, ambayo huendelea kupitisha umeme ikiwa ndani ya moto, mara nyingi kwa sababu shaba yake imezungushiwa utepe wa mika, madini yanayostahimili joto kali.

Muulizaji
Kwa hiyo neno LSZH peke yake halinihakikishii hilo?

Jibu la 2
Halikuhakikishii, tafuta namba 60331 kwenye ganda au karatasi ya vipimo. Na uishikize kwa vibanio vya chuma, kwa kuwa vya plastiki vikiyeyuka kebo itaning'inia na kukatika, hata kama yenyewe ingali nzima.