Ati Porta Nigra ni jumba lililoungua!

Bi Karafuu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi na viatu sijavivua, kwa hiyo mnisamehe maneno yangu yakiwa na ncha. Jina la huyu kiongozi wetu wa safari silitaji, wala hapana haja, kwa sababu kila Mswahili aliyewahi kulipia safari ya Jumamosi ya bonde la mto Mosel, huku Ujerumani, anamjua: kofia ya ukindu, kipaza sauti kinachokoroma, na ile "twendeni, twendeni" yake ambayo nadhani alizaliwa akiitamka badala ya kulia.

Tulifika Trier saa nne na nusu asubuhi. Habari za mji huo nimezisoma miezi mitatu, daftari limejaa. Nilikwenda nikijua kwamba lango lile la Porta Nigra lilijengwa na Warumi mnamo mwaka 170 hivi, kwamba mawe yake yalipangwa bila chokaa na kushikizwa kwa vyuma, na kwamba yale matundu ukutani yaliachwa na watu wa zama za kati waliokuja kuvichokoa vyuma hivyo. Basi nimesimama mbele yake, machozi yananilengalenga, naye akashika kipaza sauti akatangaza mbele ya abiria 48: "Hilo mnaloliona ni jumba lililoungua. Twendeni."

Jumba lililoungua! Mawe ya mchanga yaliyoingia weusi kwa mvua na moshi wa karne nzima nzima, yeye anayafanya mabaki ya moto, kana kwamba kuna Mrumi aliyelala akasahau jiko la mchina linawaka. Nikamwambia kwa adabu zote, "Samahani kaka, hili ni lango, na jina lake lenyewe maana yake ni Lango Jeusi." Hapo ndipo alipogeuka, akanitazama kuanzia kilemba hadi soli, akasema: "Dada yangu, kama shida yako ni mawe, hata Mwanza yapo."

Watu wote wakacheka. Hata dereva, Mjerumani asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante", alicheka mpaka akashika usukani.

Hata Mwanza yapo! Ndani ya lango lile alijifungia Simeoni, mtawa wa Kigiriki, mpaka akafia humo mwaka 1035, kisha likageuzwa kuwa kanisa, na kanisa hilo ndilo lililoliokoa lisibomolewe na wenye kutafuta mawe ya kujengea nyumba zao. Napoleon alipofika mwaka 1804 aliamuru kanisa liondolewe ili lango la Kirumi lionekane. Napoleon, mtu mwenye vita vya kupigana Ulaya nzima, alipata nafasi ya kulitazama. Sisi tulipewa dakika 11, nilizihesabu, halafu tukakaa saa mbili na nusu katika duka la mvinyo ambalo mwenyewe na huyu bwana walikumbatiana kama watoto wa mama mmoja.

Ile meli ya mvinyo ya Neumagen, mnara wa kaburi la mwaka 220 hivi uliochongwa kwa umbo la meli iliyosheheni mapipa, hatukuiona, ingawa jumba la makumbusho limo mjini humo humo Trier. Nilipouliza, alisema kwamba mtu wa Pwani hapandi basi kwenda kutazama chombo cha majini. Hilo nimemsamehe. Lakini "hata Mwanza yapo", mbele ya watu 48, nikiwa na daftari mkononi? Silisamehe.

Mjukuu wa Mirambo

Pole sana dada, ila ulilipa nauli ya mtumba ukategemea kupewa profesa. Na kwa haki, bwana huyo hakukosea sana: Mwanza mawe yapo, na lililo maarufu kuliko yote pale ziwani linaitwa Jiwe la Bismarck. Yaani umesafiri mpaka Ujerumani kutazama mawe, na Ujerumani ilikwisha kutuachia jina lake kwenye jiwe.

Bi Karafuu

Sikufungua uzi kuhusu Mwanza.

Mama Wawili

Wewe umeambiwa jumba zima limeungua. Sisi tulipofika Cochem alituonesha ngome iliyoharibiwa kweli akatuapia kwamba haijaguswa tangu iumbwe! Ngome hiyo iliteketezwa na jeshi la Wafaransa mwaka 1689, ikabaki gofu mpaka tajiri mmoja wa Berlin, Louis Ravené, alipolinunua gofu hilo mwaka 1868 na kulijenga upya. Kilichoungua anakiita kizima, kizima anakiita kimeungua. Mimi nilikwisha kuwaandikia ndugu zangu wote kwamba nimelala kivuli cha ukuta wa miaka elfu, na shemeji yangu ndiye aliyenisahihisha.

Kaka wa Kigali

Jimbo hili la Rheinland-Pfalz lina udugu na Rwanda tangu mwaka 1982, nami nilidhani nitapokewa kama mtu wa nyumbani. Nilipomweleza kwamba ninaishi Mainz, alisema wenyeji wana bei yao, na bei hiyo ikawa kubwa kuliko ya wageni.

Msomaji Mkimya

Mimi siandiki humu, lakini leo nimeshindwa. Bernkastel-Kues, mbele ya Hospitali ya Mtakatifu Nikolaus, alisema: "Hiyo ni hospitali, humu kuna anayeumwa? Hakuna. Twendeni." Ilianzishwa na Kardinali Nikolaus wa Kues katika karne ya 15 ili iwatunze wazee 33, kwa hesabu ya miaka ya Yesu duniani, na mpaka leo inatunza wazee na ina mashamba yake ya mizabibu. Mwili wa Kardinali umezikwa Roma, lakini moyo wake umo katika kanisa la humo ndani. Tulipita mita chache kutoka penye moyo huo tukikimbilia choo.

Mchokozi Halali

Ninyi nyote mnalalamika, na nyote mlipanda basi lake mara ya pili. Bi Karafuu, ungemwacha huyo ukaenda nyumba aliyozaliwa Karl Marx mwaka 1818, hapo hapo Trier. Yule aliwahi kuandika gazetini kuhusu dhiki ya wakulima wa zabibu wa Mosel. Huenda angeandika na ya kwako. Kero yangu mimi ni Burg Eltz. Ngome iko kwenye ukoo mmoja zaidi ya miaka 850, vizazi 33, nami nimeteremka ule mteremko na kandambili kwa sababu bwana yule alisema ni "tambarare kama Kariakoo".

Mama Wawili

Kandambili Eltz? Hapo kosa ni lako. Kuna basi dogo la kuteremsha watu.

Mjukuu wa Mirambo

Tusisahau Riesling aliyotuonjesha. Ilikuwa chachu kama ukwaju. Mvinyo wa Dodoma hauwezi kunitenda hivyo.

Bi Karafuu

Jamani, turudi langoni.

Mwana wa Tanga

Naomba kuuliza kuhusu Eltz. Nina mtoto wa miaka minne: anaweza kuuteremka ule mteremko mwenyewe, au nimbebe? Jumamosi nimekwisha kulipia.

Mchokozi Halali

Mbebe.