Ushauri: kona 11 za barabara ya mlimani, pesa kidogo. Tuanze na kipi?

Mkaa Milimani
Wakuu, habari zenu. Kuna kipande cha barabara ya changarawe huku Lushoto, kilomita 4, kona 11. Upande mmoja mlima, upande wa pili korongo. Upana mita 5, kwenye baadhi ya kona 4 na nusu. Wanaopita ni bodaboda, Noah za abiria na Fuso za mboga zinazoshuka alfajiri na ukungu. Kamati ya kijiji imependekeza vioo vya kona, mapipa ya zege ukingoni na matuta. Fedha hazitoshi kwa vyote. Mngeanza na kipi?

Fundi Kalavati
Hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Anzeni na panga na sepetu. Kona za aina hiyo nyingi hazionekani kwa sababu ya majani na udongo uliomeguka upande wa ndani. Fyekeni na chongeni ukingo wa ndani hadi ubaki chini ya mita 1 kutoka usawa wa barabara, maana macho ya dereva wa gari dogo yapo juu kidogo tu ya hapo.

Kisha pimeni kwa futikamba: mtu wa kwanza achutame kona inapoanza, wa pili arudi nyuma taratibu upande wa pili mpaka wapoteane. Gari la kilomita 30 kwa saa, likishuka kwenye unyevu, linahitaji kama mita 34 kusimama: 21 zinaisha dereva akiwa bado anashtuka, 13 za breki. Kwa kilomita 50 inafika mita 70 na ushee. Na kwa upana wa mita 4 na nusu Fuso mbili hazipishani, kwa hiyo zidisheni mara mbili, kila moja isimame kabla ya kugusana. Kona isiyoonyesha mita 68 haifai hata kwa mwendo wa 30.

Sehemu za kupishania ziwe na urefu wa mita 20 hivi, na dereva aliye kwenye moja aione inayofuata.

Mama Greda
Naongeza maji na mlalo wa barabara. Kwenye kona, ukingo wa nje uwe juu kuliko wa ndani, sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita ya upana. Kwa mita 5 ni kama sentimita 25. Mwendesha greda asiyejali anapitisha mgongo wa kawaida kote (katikati juu, pande zote mbili chini), matokeo yake nusu ya nje inainamia korongoni na gari linasukumwa hukohuko. Changarawe zilizolegea nazo hujikusanya ukingo wa nje na kuviringika chini ya tairi la bodaboda kama kunde kwenye sakafu. Zikwanguliwe, zirudishwe, zimwagiwe maji na kushindiliwa.

Angalizo: pale korongo linapokuwa upande wa ndani wa kona, mlalo huo utayatupa maji kwenye ukingo wenyewe. Hapo jengeni mfereji wa mawe wa kuyateremsha, la sivyo masika moja tu inakula barabara.

Mkaa Milimani
Asanteni sana. Kwa hiyo vioo na mapipa tuache kabisa?

Kibao na Rangi
Kioo kinaonyesha gari dogo na la mbali kuliko lilivyo, na alfajiri kitakuwa na umande. Bakizeni kimoja, labda penye njia ya kutokea nyumbani kwa watu. Mapipa ni mabaya zaidi: Fuso litayasukuma tu kwa kuwa yamekaa juu ya ardhi, ila mwenye bodaboda atavunjika mguu.

Wekeni nguzo nyepesi za mbao au plastiki, mita 1 juu na nusu mita ardhini, rangi nyeupe na riflekta, kila mita 6 hadi 8 ukingo wa nje. Zianzie kabla ya kona ili dereva auone mstari unavyopinda. Vichwa vya kalavati pia vipakwe nyeupe.

Tuta katikati ya kona au kwenye mteremko mkali, hapana. Breki za ghafla hapo ndizo zinazoangusha. Na tuta halijengwi bila kibali cha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Mkaa Milimani
Kona ya 7 ina korongo refu. Vyuma vya kinga je?

Fundi Kalavati
Nguzo zake zinataka ardhi imara nyuma yake, walau sentimita 60. Zikichimbiwa kwenye mdomo wa korongo zitaondoka pamoja na gari. Hiyo waachieni TARURA wilaya. Andikeni kupitia mtendaji, mkiambatanisha jedwali la kila kona: upana, umbali wa kuona, na ukali wake. Ukali mnaupima hivi: tandazeni kamba ya mita 10, ncha zote mbili ziguse ukingo wa nje, pimeni kutoka katikati ya kamba hadi ukingoni. Gawanyeni 12.5 kwa kipimo hicho cha mita, mnapata nusukipenyo cha kona; kikiwa kidogo, kona ni kali.

Mkaa Milimani
Kona ya 7 imetoa sentimita 52.

Mama Greda
Nusukipenyo mita 24 basi. Kwenye changarawe kibao cha 30 hapo ni cha kudanganya watu. Ombeni 20, na kibao kikae mita 60 kabla, pande zote mbili.