Bizinesi klasi: A350 ya usiku au 777 ya mchana, shirika lile lile. Nichukue ipi?

mguu_mrefu

Wakuu habari za muda huu. Nina safari ya kikazi, masaa kumi na moja hewani bila kushuka popote, na kwa mara ya kwanza ofisi imekubali kunilipia bizinesi klasi. Mie miaka yote ni mtu wa ikonomi, magoti yamekaba kiti cha mbele, kwahiyo msinicheke nikiuliza vitu ambavyo nyie mnaviona vya kawaida.

Iko hivi, shirika ni lile lile na nauli zinapishana kidogo sana ila ndege ni mbili. Ya kwanza inaondoka saa nne asubuhi, wameandika 777-300ER, nikifungua ramani ya viti naona viwili dirishani, vitatu katikati, viwili tena upande wa pili. Nyingine inaondoka saa tano usiku, hiyo ni A350, ramani yake kimoja dirishani, viwili kati, kimoja dirishani. Zote zimeandikwa bizinesi klasi, zote wanasema kiti kinalala mpaka kinakuwa kitanda, zote mabegi mawili ya kilo 32. Sasa tofauti hasa iko wapi au ni mapambo tu? Nina urefu wa mita 1.90 na kidogo, na nikishuka kesho yake nina kikao kizito. Na nikishachagua ndege, nikamate kiti gani? Halafu kuna jamaa hapa ofisini anasema nikate ikonomi afu nisubiri apgredi, yaani kupandishwa daraja, eti ndo ujanja. Naomba uzoefu wenu.

kabini_zamani

Chukua ya usiku mkuu. Nimehudumu kwenye kabini miaka mingi kabla sijaacha hiyo kazi, na ukiniuliza abiria wa bizinesi klasi analipia nini ntakwambia analipia usingizi, hayo mengine yote ni nyongeza. Mchana unakula vizuri, unaangalia muvi, unalala kidogo kwa kujilazimisha, basi imeisha hiyo.

Kuhusu ramani, hiyo ndo sehemu ya kuangalia kabla ya kitu chochote. Kwenye 2-3-2 ukikaa dirishani na jirani yako kashalala, kiti chake kimenyooka mpaka mwisho, wewe ukitaka chooni unaruka miguu ya mtu gizani huku umeshikilia pa kushikilia. Na yule wa katikati kwenye vile vitatu ndo kabisa, amelipa nauli sawa na wengine afu amebanwa kulia na kushoto. Kwenye 1-2-1 kila mtu anainuka anatokea njiani moja kwa moja, hamna cha samahani naomba nipite.

Ila naomba usije ukaondoka hapa unasema A350 nzuri 777 mbaya, sio hivyo. Boeing au Airbus wanaunda ndege, viti anachagua shirika, ni kama nyumba unakabidhiwa kuta tupu fanicha unaweka mwenyewe. Qatar walipoleta Qsuite mwaka 2017, viti vyenye mlango wa kufunga kabisa, walianza kuziweka kwenye 777 hizo hizo. Emirates wao kwenye 777 nyingi wamekaa na 2-3-2 miaka na miaka wakati kwenye A380 yao, kule ghorofa ya juu, ni 1-2-1 na baa nyuma. Shirika moja, bizinesi klasi moja kwenye tiketi, viti viwili tofauti kabisa. Kwahiyo jina la ndege halikwambii kitu mpaka umeona ramani.

Kitu kikubwa ambacho ni cha ndege yenyewe ni hewa. A350 na 787 zimejengwa kwa kaboni kwa sehemu kubwa badala ya alumini, kwahiyo bodi inavumilia presha zaidi na wanaweza kuifanya hewa ya ndani iwe kama uko mwinuko wa mita 1,800 hivi, wakati ndege za zamani inafika kama mita 2,400. Na unyevu unakuwa afadhali. Ukishuka utasikia tofauti kichwani na puani, japo wapo wanaosema hawaoni kitu.

siti_dirishani

Naongezea kwa aliyesema ana mita 1.90. Kitanda wanakitangaza kina karibu mita 2, sawa, lakini waulize miguu inaenda wapi. Viti vingi vya 1-2-1 miguu yako inaingia kwenye kashimo chini ya kimeza cha mwenzako wa mbele, na hako kashimo ndo kanaamua kama utalala au utapigana. Kwa mtu mfupi haina shida. Kwa mtu wa size yako mwenye viatu namba 46 ukilala chali vidole vinagusa juu, ukijigeuza ubavu goti linagonga, unakaa unahangaika hivyo usiku kucha na mablanketi yao mazuri.

Dawa yake ni mstari wa mbele kabisa ule unaotazamana na ukuta. Pale hamna mtu mbele yako wa kugawana nae nafasi kwahiyo kwenye viti vya aina hiyo kashimo kanakuwa kapana, miguu yote miwili inakaa imeachana. Watu wanaojua wanaukimbilia huo mstari siku tiketi inatoka.

Ukiukosa basi angalia kama viti vimepishana. Kuna mashirika mstari mmoja kiti kiko dirishani kabisa na kimeza kiko upande wa njia, mstari unaofuata kinageuka, kiti kiko njiani na kimeza ndo kiko dirishani. Kwenye ramani vyote vinaitwa A na vyote vinaitwa cha dirishani, lakini kimoja umejificha na kingine kila anayepita na toroli anakugusa bega. Kuza ramani uangalie kimeza kimechorwa upande gani. Na kaa mbali na jikoni, taa zile na vishindo vya makabati hutalala.

mama_mapacha

siti_dirishani umesema vizuri ila hujamwambia ukweli wote. Huo mstari wa mbele unaousifia ndo wenye kulabu za vitanda vya watoto wachanga. Mie nasafiri na wanangu na hapo hapo ndo wanaponiweka, na watoto wangu hawajui hii ni bizinesi klasi, wakiamua kulia saa nane usiku wanalia. Sasa mguu_mrefu achague, miguu imenyooka au masikio yametulia 😂. Mara nyingi hivyo viti wanavifungia mpaka karibu na safari wakiona hamna aliyeomba kitanda cha mtoto ndo wanaviachia.

bado_ikonomi

Mie napingana na wote. Kwanini usichukue ile ya mchana ukafika jioni, ukaenda hotelini ukalala kwenye kitanda cha kweli kisichotikisika? Hicho kitanda chenu cha ndege ukitoa muda wa kupaa, chakula, na kuamshwa chai mapema kabla ya kutua unabaki na masaa sita, na kwenye kupaa na kutua kiti lazima kiwe wima hata kama umelipa mamilioni. Watu wanasifia sana hizi siti. 777 ya mchana hata kama ni 2-3-2 ukikamata ya njiani kwenye vile viwili vya pembeni huna tatizo lolote, unaruka nani? Anayekuruka ni mwingine.

mguu_mrefu

bado_ikonomi hoja yako nimeielewa na ningekufuata, shida masaa ya kule yako mbele, ile ya mchana inaniingiza usiku wa manane, mpaka nitoke uhamiaji nipate begi nifike hotelini kunakucha. Ya usiku natua mchana, nalala, kikao kesho yake. Kwahiyo naegemea A350. Ila lile la kuamshwa chai mapema limenishtua, siwezi kukataa?

kabini_zamani

Unaweza, tena sisi wahudumu tunakupenda ukisema mapema. Ukishakaa tu mwambie anayekuhudumia nisiamshwe mpaka tukikaribia kutua, anaandika kwenye karatasi yake ya viti. Kula launji, ile sebule ya kusubiria pale uwanjani, kabla ya kupanda, ukiingia ndani badilisha nguo, omba wakutandikie, ukiruhusiwa kulaza kiti laza. Masaa sita ya bado_ikonomi yanakuwa nane hivi.

Mkanda ufunge JUU ya blanketi. Hii watu hawaijui, ndege ikianza kurukaruka ni lazima tuhakikishe kila mtu kafunga, ukiwa umeufunga ndani ya blanketi sioni kitu kwahiyo nakuamsha, ukiwa juu namulika tochi naona chuma cha mkanda kinang'aa napita zangu.

Na simu, tafadhali. Usilale nayo mkononi. Nimemuona abiria simu imemponyoka ikaingia ubavuni mwa kiti, akaanza kubonyeza kiti kije mbele kirudi nyuma aitafute, mitambo ya kiti ikaibana mpaka ikakunjika, betri ikaanza kutoa moshi. Tulimtoa pale mbio, maji, glavu, kabini nzima macho. Ikidondoka acha kiti kama kilivyo, bonyeza kengele, tunakuja kuitoa sisi. Hilo halina daraja, ila bizinesi linatokea zaidi kwasababu kiti kina viungo vingi vinavyotembea na mapengo mengi ya kumeza vitu.

nauli_na_pointi

Nije kwenye lile la apgredi maana naona hamna aliyeligusa. Huyo jamaa wa ofisini anakupa ujanja wa mtu anayelipa mwenyewe. Apgredi zipo za namna tatu hivi, ya pointi unazokusanya ukisafiri na shirika, ya kunadi ambapo shirika linakutumia imeili unataja dau lako wanaamua siku chache au masaa machache kabla, na ya kulipia kaunta. Zote zinategemea kama viti vimebaki, na ndege za usiku za masafa marefu bizinesi ndo inajaa. Halafu tiketi za ikonomi za bei ya chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi hata kuapgredi kwa pointi, inategemea ile herufi ya nauli kwenye tiketi. Na ukinadi ukashinda, mashirika mengi mizigo inabaki ile ya tiketi ya mwanzo, umekaa kiti cha mbele ila begi la pili unalilipia. Ofisi inalipa bizinesi, chukua bizinesi.

Ila hata kwenye bizinesi yenyewe soma masharti. Siku hizi kuna bizinesi ya bei ya chini, Emirates walianza 2019 na Qatar wakafuata 2020, kiti na huduma za ndani ni zile zile lakini launji haimo. Sasa kama mpango wako ni kula launji ulale mapema kama alivyosema kabini_zamani, afu unafika mlangoni unaambiwa tiketi yako haihusiki, mpango umekufa. Mwambie anayekukatia akuoneshe imeandikwa nini kwenye launji, kuchagua kiti na kubadilisha tarehe.

Na kitu kingine, kama kuna kipande kifupi cha kuunganisha usitegemee kitanda huko. Ndani ya Ulaya bizinesi klasi ya mashirika mengi ni viti vile vile vya ikonomi, wanaacha tu cha katikati wazi na wanavuta pazia.

siti_dirishani

Hilo la pazia kweli kabisa 😂 unavutiwa pazia unahisi mheshimiwa na magoti yako pale pale.

mguu_mrefu

Wakuu mmenifungua macho. Swali la mwisho, nikishakata hiyo A350 wakaja kubadilisha ndege wakaleta ile ya 2-3-2 nafanyaje? Nna haki yoyote?

nauli_na_pointi

Ukibaki bizinesi ila kiti ni kibovu zaidi, haki ya kisheria hamna, masharti ya tiketi yanasema wanaweza kubadilisha ndege. Hapo unawahi tu kuwapigia, wengi wakiona umelalamika kistaarabu mapema wanakuhamishia safari nyingine bila kukutoza. Ukishushwa mpaka ikonomi hiyo ni kesi nyingine. Kama unaondokea Umoja wa Ulaya, au unaingia huko na shirika la huko, kuna kanuni ya 261 ya mwaka 2004, safari ya zaidi ya kilomita 3,500 wanatakiwa wakurudishie asilimia 75 ya nauli ya hicho kipande, na ndani ya siku 7. Kama ofisi ndo imelipa hela itarudi ofisini, wewe utabaki na maumivu ya magoti. Njia nyingine duniani inategemea sheria za nchi na mkataba wa tiketi.

Ukiona namba ya kiti chako imebadilika yenyewe kwenye programu ya shirika, huenda ndege imebadilishwa. Mara nyingi hawatumi hata ujumbe.

mguu_mrefu

Nimekata ya usiku. Launji imo, nimeuliza mara mbili. Mstari wa mbele umefungwa kama alivyosema mama_mapacha, nimekamata 7A, kimeza kimechorwa upande wa njia.

kabini_zamani

7A kama kimeza kiko njiani umejificha vizuri. Cheki-in ikifunguka ingia dakika ile ile, angalia tena mstari wa mbele, kama hakuna mtoto utaukuta wazi.

mama_mapacha

Tarehe ngapi hiyo? Nisije nikawa ndo mie nakuja na mapacha.