Lori likishusha mzigo barabarani, kwa nini faini ni ya dereva peke yake?

Wadau wa Arusha na Moshi, naleta hoja tuijadili bila matusi. Kila lori linapogongwa au kusababisha foleni likishusha mzigo mjini, unasikia dawa ile ile: malori yapigwe marufuku kushusha mchana, yashushe usiku tu, na dereva atakayekaidi atozwe faini. Wenye magari madogo wanaiunga mkono, wenye vifodi (vidaladala vyetu vya mjini) wanaiunga mkono, na wapo trafiki wanaoona ndiyo njia rahisi. Mimi naipinga. Niweke wazi kabisa kwamba ni dereva wa Fuso, naleta vitunguu vya Mang'ola Arusha mjini, na mara moja moja napata mzigo wa Moshi, kwa hiyo mnaweza kusema navutia upande wangu.

Ninachosema ni hiki: anayeamua lori lisimame wapi ni mwenye mzigo. Sheria ikiendelea kumfuata aliyeshika usukani peke yake, hata kazi tukiihamishia saa nane za usiku watu wataendelea kugongwa.

Wengi mnatupita mkiwa mmepandisha vioo, basi ngoja nieleze kazi yenyewe. Nikikaribia mjini napigiwa simu: "Leta mpaka mlangoni." Mlangoni maana yake ni ukingo wa Barabara ya Sokoine, au Kilombero ambako soko na stendi ya vifodi vimebanana. Nikisema nitasimama kule mbele penye nafasi, naambiwa makuli watapandisha bei. Ni kweli watapandisha, kwa sababu kuli analipwa kwa gunia, na kila hatua ya ziada anaidai. Mwenye mzigo anaokoa hela ya hatua hizo, sisi tulioko barabarani tunabeba hatari.

Nchi yetu magari yanapita kushoto na usukani uko kulia. Nikiegesha ukingoni, mlango wangu unafungukia kwenye magari. Turubai nalo halifunguki kwa upande mmoja. Kamba za kulia zimefungwa kwenye ndoano chini ya bodi, na fundo likishakazwa na vumbi la safari utingo anainama, anavuta kwa mikono miwili, makalio yako njiani na macho yako kwenye ndoano. Mwendo wa kisheria maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Huyo anayetii sheria anamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Sasa fikiria bodaboda anayechomoka kati ya kifodi na lori.

Halafu kuna lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo imeikataza, lakini nenda sokoni asubuhi yoyote uone. Mtu akishatwishwa lile gunia la kichuguu, kichwa kinainama na shingo haigeuki, anaona vidole vyake vya miguu na kipande kidogo cha lami. Ukimpigia honi hawezi kuruka, anasimama tu pale pale alipo. Nikisikia mtu anauliza kwa nini makuli hawaangalii magari, najua hajawahi kubeba.

Turudi kwenye usiku. Bodi ya nyuma ya Fuso ukiishusha inaning'inia, na kwa magari mengi inafunika taa za nyuma. Taa za hazadi unaweza kuwasha, ila anayetoka nyuma yako haioni. Taa za barabarani hazipo kila mtaa, na saa hizo barabara ina wenye haraka na wenye kutoka baa. Pembetatu ya tahadhari ukiweka, ukigeuka unaweza usiikute. Barabara kuu tunakata matawi tunayapanga nyuma ya gari, na kila dereva Tanzania anajua akiona tawi kwenye lami apunguze mwendo. Hapa mjini nikakate mti wa nani? Tena mwenye duka usiku amelala kwake. Nikishusha magunia kibarazani, mlinzi wa kwanza ni mimi, na gunia likipungua deni ni langu.

Wapo wanaotaja ajali ya Ngaramtoni ya Februari 2024, lori liliposhindwa breki, likagonga magari mengine matatu na watu 25 wakafa. Msiba ule umetugusa wote. Lakini lori lile lilikuwa kwenye mwendo. Ile ni hoja ya breki na ukaguzi, ifunguliwe mada yake, na mimi nitachangia. Wengine wanasema barabara ya mchepuko ya Arusha, ile ya kilomita 42.4, imemaliza tatizo. Imepunguza malori ya masafa yanayopita kati ya Namanga na Holili, sawa. Vitunguu vya Kilombero vinaingia mjini vile vile. Moshi ndiyo msiseme, Kiboriloni marobota ya mitumba yanashushwa kando ya barabara kuu ya Himo, na semi zinapita pale pale.

Karibuni.

NYONGEZA: nimesoma michango, nijibu iliyo mizito.

Mfanyabiashara mmoja wa nafaka ameandika kwa uchungu kwamba fremu yake ni ya futi kumi, analipa pango, leseni na kodi, je uwanja wa kushushia autoe wapi? Ndugu yangu, una haki kulalamika. Sidai kila duka liwe na uwanja. Nadai wauzaji wa jumla wa mtaa mmoja wawe na sehemu moja iliyochorwa mistari, na saa zake zijulikane, tuseme kumi na moja alfajiri hadi moja na nusu. Nafasi hiyo ipo. Leo inakaliwa na magari madogo yanayolipa ushuru wa maegesho, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo, maana nafasi tatu za Fuso ni ushuru wa kutwa unaoondoka. Sehemu hiyo ikishakuwepo, mwenye mzigo atakayeniita nishushe nje yake alipe faini yeye. Sasa hivi ile faini inaandikwa kwa jina langu, na wapo matajiri, yaani wenye malori, wanaoikata kwenye posho ya safari.

Dada mwenye kifodi anasema madereva wa Fuso tuna kiburi, tunaziba njia na kujifanya hatusikii honi. Wapo wa hivyo, siwatetei. Kuna mtu anaacha gari limekaa mshazari anaenda kunywa supu. Huyo apigwe faini hata leo.

Mwingine kasema, "Si ukatae tu kushusha?" Kaka, nikikataa leo, kesho mzigo anapewa mwingine na tajiri ananiuliza gari linalala kwa nini.

Mdau aliyeko Marekani ametuletea sheria ya kule: ukikuta gari la dharura limesimama kando, unahama njia, na ikishindikana unapunguza mwendo. Majimbo yote 50 wanayo, na baadhi wameongeza gari lolote lililowasha hazadi. Nimeipenda ile sehemu ya kupunguza mwendo. Ya kuhama njia ingefaa Sakina hadi Tengeru penye njia mbili kila upande. Katikati ya mji utahamia wapi, kwenye meza ya mama wa ndizi?

Kuhusu vizibao vya riflekta nakubaliana na waliosema vivaliwe na utingo na makuli wote, mchana na usiku. Hapo sina ubishi, ila tukubaliane nani ananunua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Haya, mwajiri wa kuli ni nani? Mwenye lori anasema si wake, mwenye duka anasema kamkuta barabarani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya 2008, lakini unahudumia mtu ambaye mwajiri wake anajulikana. Kuli akivunjwa mguu Sokoine kinapitishwa kikapu, kila mtu anatoa mia tano au buku, na kesho yake gunia linabebwa na mwingine.

Mimi nasema mwajiri wake siku hiyo ni aliyesema "leta mpaka mlangoni." Mfanyabiashara wa nafaka, na wengine wenye maduka mlioko humu, mnakubali hilo au hamkubali? Mkikataa, mtuambie ni nani.